Mabati Ishirini na Manne

Chanika, Handeni
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu Mhina,

Sikuulizi hali kwa sababu hali yako naiona. Uko nyumba ya tano kutoka hapa unaaga rafiki zako, na mimi naandika haraka kabla hujarudi. Barua hii nitakupa mkononi kesho pale stendi, basi likiwa limeshawashwa. Nimepanga hivyo makusudi. Tukisemezana ana kwa ana tutapandishiana sauti kama kawaida yetu, wewe utatoka nje, na mimi nitakuwa sijasema nilichotaka kusema. Basi la Korogwe linachukua saa tatu njia ikiwa nzuri. Kurasa hizi hazihitaji hata saa moja. Nataka umalize kuzisoma kabla hujashuka Korogwe.

Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kumwamkia vizuri shangazi yako atakayekulaza usiku mmoja kabla ya treni ya Moshi, siyaandiki. Umeshayasikia mara nne na mara zote nne umeguna.

Juzi nilikuwa jikoni napepeta mahindi. Wewe na Rajabu mlikuwa mmekaa nyuma ya ukuta. Rajabu akasema, "Mwenzetu ukishaingia kwenye kozi yako ya magari, sisi wa Chanika utatuona washamba."

Ukamjibu, "Moshi baadaye. Kwanza Korogwe. Kuna mlinzi mmoja pale ghala la mahindi karibu na stesheni, nina neno naye."

"Mlinzi gani?"

"Sefu."

"Sefu wa Operesheni? Acha bwana! Mzee wa watu hana hata meno yule."

"Aliyobaki nayo yanamtosha."

Rajabu akacheka, kisha akaona wewe hucheki. "Utamfanya nini, we Mhina?"

"Atanieleza mdogo wangu alimkosea nini."

Nilibaki na ungo mkononi. Najua unachokiamini. Unaamini kwamba mwaka ule tulipohamishwa, Bwana Sefu alinizuia kuezeka nyumba kwa mabati yangu mwenyewe, na kwa ajili hiyo mdogo wako Mwanaidi alinyeshewa kwenye kibanda cha nyasi hadi akafa kwa kifua. Umeishi na jambo hilo miaka minane. Nalijua kwa sababu nakusikia unavyosaga meno usingizini, na nakuona unavyokula huku mkono wa kushoto umekunja ngumi chini ya meza. Nakuona kwa sababu nami nilikuwa hivyohivyo. Acha nianze mbali kidogo. Sikwepi. Nisipoanza huko hutaelewa mwisho.

Baba yako alipokwenda Mombasa kutafuta kazi alipata kazi na mke. Wewe ulikuwa na miezi mitano. Nilikubeba mgongoni nikaenda kwenye shamba la mkonge ng'ambo ya Korogwe, nikaomba kazi ya kuanika singa, zile nyuzi nyeupe zinazotoka mashineni. Nilikuwa sijui kusoma, kisomo cha watu wazima nilikipata baadaye, lakini hesabu nilikuwa nayo. Karani alipokuwa anatafuta kalamu, mimi nilikuwa nimeshajua mafungu ya safu nzima. Ndani ya mwaka mmoja wakanihamishia kwenye brashi, mashine ya kusugulia singa, na Jumapili nikawa nafua nguo nyumbani kwa fundi wa mashine, Mhindi mmoja mpole. Mkewe tulimwita Mama Kanta.

Mchana nilikuwa mtu mzima. Nikilala tu, naanza kugombana na baba yako. Namuuliza, namjibia mwenyewe, namshinda, halafu naanza upya kana kwamba sijamshinda. Mimi nakesha, na yeye huko Mombasa analala vizuri. Nilikonda mpaka kanga ikawa inanizunguka mara tatu.

Kila Jumapili nilimkuta Mama Kanta barazani amekaa juu ya mkeka, miguu ameikunja, mgongo umenyooka, macho nusu yamefumbwa. Siku moja nikamwuliza, "Shikamoo mama. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Nakaa."

"Unasali?"

"Kusali nimeshamaliza alfajiri. Sasa naangalia."

"Unaangalia nini na macho umefumba?"

"Fujo."

"Fujo gani?"

"Fujo yangu. Iko nyingi, kama yako tu. Wewe nafua shuka yangu kama napiga mwizi. Nani huyo napiga?"

Nikamwambia. Ndoo ya maji ikapoa, nikamweleza kila kitu. Alipotosheka akasogea, akanionyesha nafasi kwenye mkeka. "Kaa. Mgongo sawa. Pumzi inaingia, wewe jua inaingia. Inatoka, wewe jua inatoka."

"Halafu?"

"Halafu hakuna."

Nilimwambia mimi ni Mwislamu, sitaki mambo ya dini ya watu. Akasema hakuna neno la kutamka hapo, na kama napumua tayari basi nimeshaanza. Nilikaa. Na kwa kuwa ni mimi, nikahesabu. Jumapili ya tatu nilimfuata nikiwa najisikia. "Leo nimefika mia sita na arobaini bila kukosea hata moja."

Alicheka mpaka bangili zikalia. "Nani alisema hesabu? Hii siyo singa, Mama Mhina. Karani hayuko hapa!"

"Sasa nitajuaje kama nimefanya vizuri?"

"Hutajua."

Jibu hilo liliniudhi wiki nzima. Mimi kila kitu nilichopata nimekipata kwa kuhesabu. Lakini usingizi ulikuwa umenishinda, kwa hiyo nikarudi. Akanifundisha hivi: bwana yako akija kichwani usimfukuze, wala usimpe kiti. Angalia mwili wako unafanya nini akiingia. Nikaangalia. Taya zilikuwa zimeumana. Chini ya mbavu palikuwa na kitu kama kamba mbichi iliyofungwa fundo. Mhina, siku zote zile nilidhani maumivu yangu yako Mombasa. Yalikuwa hapa, shubiri moja juu ya kitovu. Nilipokaa nayo bila kuongeza neno, yalipanda, yakafika mahali, yakashuka. Yakarudi kesho yake, lakini nilikuwa nimeshaona kwamba yanashuka.

Kwenye brashi unashika fungu la singa upande mmoja, ngoma ya mashine inasugua upande wa pili. Siku ya kwanza msimamizi anakwambia jambo moja tu: ikivuta, achia. Mwanamke akishindana na ile ngoma anatoka na vidole pungufu. Nilifanya miaka minne na vidole vyangu kumi ninavyo. Mama Kanta aliijua kazi ile kupitia kwa mumewe, akaniuliza, "Mkono yako inajua kuachia. Kichwa kwa nini haijui?"

Neno hilo sikulipenda. Kuachia! Watu wameniambia niachie tangu nizaliwe, na kila anayeniambia hivyo unamkuta tayari ameshika kitu changu. Nikamjibu kwa ukali kwamba siwezi kumwachia mwanamume aliyeniacha na mtoto mchanga. Akasema, "Bwana ameshakwenda, hakuna cha kumwachia. Wewe naachia kugombana na kitu imeshatokea. Halafu mikono inapata nafasi ya kufanya kazi."

Baada ya mashamba kutaifishwa mumewe alikosa kazi, wakaondoka. Nami nikaondoka na nilichoweka akiba, nikafyeka pori Misima. Hayo unayakumbuka. Michungwa mia moja themanini na sita, kwa mkono wangu na kwa ndoo. Nyumba ya vyumba viwili, mabati ishirini na manne. Baba yake Mwanaidi alikufa kwa homa mwaka wa pili wa ndoa yetu, na hata hapo nilisimama. Nililala usingizi. Nikadhani kile alichonifundisha yule mama nimekimaliza, kama mtu aliyemaliza dozi.

Halafu Operesheni ikaja, ile ya kuhamishia watu vijijini. Wewe ulikuwa Mashewa kwa bibi yako unasoma darasa la nne, kwa hiyo unachokijua umekipata kwangu. Lori lilifika Jumanne asubuhi. Bwana Sefu, katibu wetu, alikuja na mgambo wanane.

"Mama Mhina," akasema, "amri si yangu."

"Na mikono je? Hiyo ni ya nani?"

Akawaashiria mgambo. Wakapanda juu, wakaezua. Nilisimama pale na Mwanaidi mkononi nikihesabu kila bati linaposhuka. Yalikuwa ishirini na manne na yote yaliingia kwenye lori. Nasema hili kwa haki: hakuchukua hata moja. Tukashushwa kijijini, kiwanja namba arobaini na moja, kwenye mstari ulionyooka kama wa mkonge. Jenga kabla ya masika, wakasema.

Sikujenga.

Hapa ndipo nimekuwa nazunguka, na nimeshasikia mlango wa kina Rajabu ukifunguliwa mara moja, kwa hiyo naandika moja kwa moja. Sefu hakunizuia kupiga mabati. Hakuna mtu aliyenizuia. Mabati yote yalikuwa yameegemezwa kwenye mti hatua kumi na mbili kutoka kibandani, na mimi nilikataa kuyagusa. Niliona nikipiga msumari mmoja pale nimekubali. Nimetia sahihi kwamba Misima si kwangu tena. Jirani wa arobaini na wa arobaini na mbili walimaliza nyumba zao kwa wiki tatu. Mimi nilisuka kibanda cha nyasi cha kulala mbuzi, nikakaa ndani yake na mtoto wa miaka mitatu, nikiionyesha Serikali kwamba sikubali. Kila Jumamosi namwacha kwa jirani, natembea maili kumi na moja hadi Misima kuhesabu michungwa, narudi maili kumi na moja. Ilikuwa mia moja themanini na sita kila mara. Ingekuwa ngapi?

Sefu alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Mama Mhina, bati unalo, miti ipo. Piga bati, mvua inakuja."

"Kapige kwako."

Mara ya pili alikuja na vijana wanne, nyundo mbili na ngazi. "Hawa leo hawana kazi. Tukuwekee paa tu."

"Wapeleke wakaezue kwingine, ndiyo kazi waliyozoea."

Majirani waliangua kicheko. Nilikiona kicheko kile kama ushindi, nikalala nacho. Mara ya tatu mvua ilikuwa imeshaanza. Aliinama mlangoni, akamwangalia Mwanaidi anavyokohoa. Hakuwa na ukatibu siku hiyo. Alisema kwa sauti ndogo, "Mtoto yule, mama." Nikashika mchi. Akaondoka kinyumenyume.

Siku ya tisa ya mvua kifua kilimziba. Zahanati ilikuwa maili nane. Nilimbeba, na wanaume wawili wakashika bati moja juu yetu njia nzima ili asinyeshewe. Hiyo ndiyo mara ya kwanza bati lile kumkinga mwanangu. Tulifika akiwa hai. Hatukurudi naye hai.

Ulipokuja kutoka Mashewa matanga yalikuwa bado hayajaondolewa. Ulisimama mbele ya watu, ukaangalia kibanda, ukaangalia mabati, ukaniuliza, "Mama, kwa nini hamkuyapiga?"

Ulikuwa na miaka kumi. Ulitaka kujua tu. Nikasema, "Sefu alinizuia."

Jirani wa arobaini alikuwepo. Alikiona kila kitu, vijana, ngazi, nyundo. Alinitazama, akainamisha kichwa, akaendelea na kahawa yake. Pale mkekani hakuna ambaye Sefu hakumwezulia nyumba, nani angemtetea? Uongo wangu ukapita kama ukweli. Baada ya hapo watu wakaacha kupokea salamu yake. Mkewe alisukumwa kisimani. Haukupita mwaka akaacha kazi, akahama na watu wake. Ndiyo maana leo ni mlinzi wa ghala Korogwe.

Watu walipotawanyika nilitaka kwenda Misima. Ilikuwa Jumamosi. Nilifika mlangoni mwa kibanda, nikakaa chini kwenye matope. Sijui kwa nini nilinyoosha mgongo. Pumzi iliingia, ikatoka. Sikuhesabu, Mhina. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na cha kuhesabu. Hasira ikaja na maneno yake yote, Sefu, lori, Serikali, baba yako, nikaiacha iseme. Chini yake palikuwa na woga, woga wa mwanamke aliyejitengeneza mwenyewe kutoka ziro na kurudishwa ziro kwa asubuhi moja. Na chini ya woga alikuwepo Mwanaidi tu, bila mtu wa kumlaumu. Hapo ndipo nilipolia. Nilisema Mungu wangu, hili limeshatokea, silishindanii tena. Jioni ile nilichukua nyundo. Kwa siku mbili nilipiga mabati yote, na nyumba ile ndimo ulimokulia kabla hatujahamia hapa Chanika.

Tangu siku ile nakaa kila alfajiri baada ya swala. Unanionaga, hukuwahi kuniuliza. Huzuni haijaisha, ila hainiburuzi. Lakini uongo sikuugusa. Nilijua kuangalia kila kitu isipokuwa huo. Ulikuwa umenikinga na macho yako, na nilipoona umekuingia na kuota ndani yako nikajisemea atakua, atasahau. Hesabu mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya.

Sikuambii Sefu ni mtu mwema. Aliezua nyumba yangu, na michungwa yangu imemezwa na pori. Hilo ni lake na bado linaniuma nikipita njia ya Misima. Mvua ya kibandani ni yangu. Nimechoka kumbebesha yote mawili.

Sasa hivi unaposoma, kama nakujua, damu imekupanda, na inanitaka mimi. Sawa. Usijitulize, na usijiambie kwamba ni mama yako. Angalia tu. Taya zikoje? Tumbo je, na ule mkono wa kushoto? Jua kwamba ni hasira, iko mwilini, na inapumua pamoja nawe. Iache ipande bila kuipa neno jipya. Usiifukuze na usiifuate. Itachukua muda, labda mpaka Sindeni, labda mpaka mbele zaidi. Usihesabu. Utaona pale inaposhuka, na kilicho chini yake utakiona mwenyewe, sitakutajia. Mimi ilinigharimu mtoto kukaa chini na kuangalia. Wewe kaa tu hapo kwenye kiti.

Lile sime ulilonunua kwa Wamasai mnadani, ukalifunga ndani ya shati jeupe, nililikuta nilipotaka kushona mkono wa begi. Usilitafute. Limo ndani ya shimo la choo, futi ishirini chini. Kuachia si kuwa mjinga.

Kuna jingine. Nilikuwa nimemwambia mjomba wako Hoza apande basi hilohilo, akae viti vya nyuma, akufuate kimyakimya mpaka akuone umo ndani ya treni. Leo saa sita nimemwendea nikamwambia abaki. Akaniuliza, "Una hakika, dada?" Nikamwambia sina. Ila nimekuchunga miaka minane kwa uongo, na sitaki kuanza mwaka wa tisa kwa kukupeleleza. Sijui utashuka Korogwe ugeuke upande gani. Naandika hivyo na fundo lipo palepale chini ya mbavu, naliona, na bado simwiti Hoza.

Usiende kwa Sefu, hata kwa heri. Hata kumwomba radhi kwa niaba yangu, usiende. Si kazi yako. Jumamosi hii nitapanda basi hilo mwenyewe. Nitamkuta pale ghalani, nitamwita kwa jina lake, nitamwambia mbele ya yeyote atakayekuwepo kwamba hakunizuia. Akitaka kunifukuza, mchi hana, lakini haki anayo. Kisha nitakwenda kijijini kwa jirani wa arobaini, nimwambie vilevile, na yeye ainue kichwa.

Ukiona huwezi kunisamehe, usijilazimishe kuniandikia. Nichukie ukiwa Moshi, huku unajifunza kazi yako. Nitakaa na hilo.

Nakusikia unakuja, unamwambia Rajabu akuache mlangoni. Nafunga hapa, nikakupakulie chakula. Panda treni, Mhina.

Mimi niliyekuzaa na niliyekudanganya,
Mama yako